Mays, DiMaggio, Aaron na Charleston: nani mkubwa, na nani ana jina kubwa

Tarehe 5 Oktoba 1951, katika uwanja wa Yankee Stadium jijini New York, ulichezwa mchezo wa pili wa fainali za ubingwa wa besiboli. Kijana wa miaka 20 wa timu ya Giants alipiga mpira ukapaa upande wa kati kuelekea kulia. Halikuwa pigo la kutisha. Mpira ulipanda, ukakaa hewani kidogo, kisha ukaanza kushuka kati ya walinzi wawili wa Yankees. Yule wa kulia, kijana wa miaka 19 aliyekuwa na mbio za ajabu, aliufuata kwa nguvu zake zote. Yule wa katikati alikuwa na miaka 36 na alikuwa anamalizia siku zake uwanjani. Dakika ya mwisho akapaza sauti kwamba mpira ni wake. Kijana akajizuia ghafla ili wasigongane, njumu za kiatu chake zikanasa kwenye mfuniko wa mfereji wa maji uliokuwa ndani ya nyasi, goti likaachia, akaanguka. Mkubwa wake akaudaka mpira bila papara, ndipo akageuka kumtazama aliyelala chini.

Aliyepiga ni Willie Mays. Aliyedaka ni Joe DiMaggio. Aliyeanguka ni Mickey Mantle.

Siujui mchezo mwingine wowote ambamo watu watatu wanaotajwa kuwa wakubwa kuliko wote katika nafasi moja walikutana kwenye mpira mmoja namna ile. Na kwa sisi tuliokulia kwenye vijiwe vya kubishana kama Pelé alimzidi Maradona, tukio lile ni mlango mzuri wa kuingilia ubishi ambao Wamarekani wamekuwa nao kwa zaidi ya miaka mia moja: kati ya walinzi wa nje wa zamani, nani alikuwa mkubwa kweli, na nani amebebwa na jina?

Kwa ambaye hajazoea besiboli, niseme machache. Timu inayolinda huweka wachezaji watatu mbali kabisa na mpigaji: mmoja kushoto, mmoja katikati, mmoja kulia. Kazi yao ni kuufikia mpira uliopaa kabla haujagusa ardhi na kuurudisha upesi kabla wapinzani hawajafika mbali kwenye vituo vyao. Wa katikati ndiye mwenye eneo kubwa kuliko wote, ndiyo maana timu humweka pale mtu mwenye mbio, jicho na mkono wa kurusha. Lakini mtu huyohuyo anatakiwa pia apige. Akipata pigo la halali, yaani hiti, mara tatu katika kila kumi, anahesabiwa kuwa mpigaji mzuri, na hesabu hiyo huandikwa 0.300. Akiuvusha mpira juu ya ukuta, hiyo ni homurani. Anayeweza yote hayo, kukimbia, kudaka, kurusha, kupiga kwa usahihi na kupiga kwa nguvu, hupatikana mara chache sana.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Jina la mchezaji hutengenezwa na waliokuwa wanatazama: waandishi gani walikuwa jukwaani, kamera ilikuwepo au haikuwepo, timu ilikuwa New York au mji wa pembeni, na ngozi yake ilikuwa ya rangi gani. Ukuu wenyewe ni kazi iliyofanyika, iwe imetazamwa au la. Vitu hivi viwili mara nyingine huenda pamoja, na mara nyingine hupishana kwa umbali wa kuumiza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa DiMaggio. Mwaka 1969, besiboli ya kulipwa ilipotimiza miaka mia moja, ilipigwa kura ya kumchagua mchezaji mkubwa kuliko wote walio hai, na DiMaggio akashinda. Kuanzia hapo mpaka alipofariki mwaka 1999, alitaka atambulishwe kwa sifa hiyo kila alipoalikwa. Sasa fikiria nani walikuwa hai mwaka huo. Ted Williams, mlinzi wa kushoto wa Boston, alikuwa hai. Mantle alikuwa ndiyo kwanza amestaafu. Mays na Hank Aaron walikuwa bado wanacheza! Kura ile ilipima kumbukumbu ya watu juu ya kijana mtanashati wa Yankees aliyebeba ubingwa mara 9 katika misimu 13, na aliyekimbia uwanjani bila kuonekana anatoa jasho. Ule utulivu wake ulikuwa sehemu ya jina lake.

Simvunjii heshima. DiMaggio alikuwa mkubwa. Alipiga homurani 361 na katika maisha yake yote ya ligi alitolewa kwa kukosa mipira mara 369 tu; uwiano wa namna hiyo kwa mpigaji wa nguvu karibu haupo. Upande wa kushoto kuelekea kati wa Yankee Stadium ya wakati ule ukuta ulikuwa karibu mita 139 kutoka kwa mpigaji, na yeye alikuwa mtu wa mkono wa kulia, kwa hiyo mipira yake mizuri kabisa iliishia humo humo uwanjani mikononi mwa walinzi. Homurani zake 148 alizipiga nyumbani na 213 ugenini. Tena alipoteza misimu mitatu, 1943 hadi 1945, kwa ajili ya jeshi.

Lakini mtazame akiwa pembeni ya Ted Williams katika mwaka uleule uliomjengea DiMaggio jina. Mwaka 1941, kuanzia Mei 15 hadi Julai 16, DiMaggio alipata hiti katika michezo 56 mfululizo, rekodi ambayo hakuna aliyeikaribia mpaka leo. Nchi nzima ilikuwa inauliza kila jioni kama Joe amepata hiti. Katika kipindi hichohicho wastani wake ulikuwa 0.408. Wa Williams, kule Boston, ulikuwa 0.412. Siku ya mwisho ya msimu Williams aliamka akiwa na 0.39955, wastani ambao ungeandikwa 0.400 kama angebaki benchi. Akacheza michezo yote miwili ya siku hiyo huko Philadelphia, akapata hiti 6 katika mara 8, akamaliza na 0.406. Tangu hapo, ukiacha Ligi za Weusi, hakuna aliyefika 0.400 katika Ligi Kuu. Tuzo ya mchezaji bora wa mwaka ilikwenda kwa DiMaggio. Mwaka 1947 Williams aliongoza ligi kwa wastani, homurani na pointi zilizoletwa kwa mapigo yake, vyote vitatu kwa mpigo mmoja, na tuzo ikaenda tena kwa DiMaggio kwa tofauti ya pointi moja: 202 kwa 201.

Williams aligombana na waandishi wa habari, na hao ndio waliopiga kura. Hata homurani yake ya mwisho, katika zamu yake ya mwisho kabisa ya kupiga, tarehe 28 Septemba 1960, alizunguka vituo akaingia ndani bila kuwainulia kofia mashabiki waliokuwa wanalia jina lake. Kwenye ulinzi wa nje DiMaggio alimwacha mbali. Lakini kwa kushika gongo, mimi namweka Williams juu ya kila mtu katika makala hii.

Mantle naye ni habari ya huzuni ambayo siwezi kuipita haraka. Siku moja baada ya goti lile kuachia, alipelekwa hospitali kwa teksi pamoja na baba yake, Mutt, mchimbaji wa migodi wa Oklahoma aliyemfundisha mwanawe tangu utotoni kupiga kwa mkono wa kulia na wa kushoto pia. Wakati wa kushuka, Mantle alimwegemea baba yake begani ili asimame, na baba akaporomoka pale pale barabarani. Wakalazwa chumba kimoja. Ndipo madaktari wakagundua kwamba Mutt alikuwa na saratani, na mwaka uliofuata akafariki. Kijana wa miaka 19, msimu wake wa kwanza, amepoteza goti na anakaribia kumpoteza baba ndani ya siku moja.

Goti lile lilimsumbua mpaka msimu wake wa mwisho, 1968. Hata hivyo mwaka 1956 alipata wastani wa 0.353, homurani 52 na pointi 130, akiongoza ligi katika vyote. Mwaka 1957 alifika kituoni zaidi ya nusu ya mara zote alizosimama kupiga. Ukiniambia nichague misimu miwili tu ya mlinzi wa kati yeyote aliyecheza miaka ya 1950, nitachukua hiyo miwili ya Mantle, mbele ya misimu yoyote miwili ya Mays. Pombe na majeraha vilikula kilichobaki. Mwaka 1995, muda mfupi kabla hajafariki, alikaa mbele ya waandishi akiwa amekonda kupita kiasi, akawaambia watoto wasimfanye yeye kuwa mfano. Watu waliendelea kumpenda, pengine hata zaidi.

Tuje kwa Mays.

Kila mtu anayejua besiboli anaujua ule mkanda wa tarehe 29 Septemba 1954. Uwanja ni Polo Grounds, New York, mchezo wa kwanza wa fainali, Giants dhidi ya Cleveland iliyokuwa imeshinda michezo 111 msimu ule. Matokeo 2–2, awamu ya nane, hakuna aliyetolewa, Cleveland wana watu wawili kwenye vituo. Vic Wertz, ambaye siku hiyo hakukamatika, akaupiga mpira moja kwa moja kuelekea katikati, ambako Polo Grounds ilikuwa na kina kisicho na mfano, kama mita 147 mpaka ukutani. Mays akaupa mpira mgongo na kukimbia. Ukiutazama mkanda taratibu utaona kwamba hageuki kuutafuta; namba 24 mgongoni inazidi kuwa ndogo, kichwa kinainuka kidogo tu, mikono inanyooka mbele, na mpira unamwingia kwenye glavu kupitia juu ya bega, karibu mita 130 kutoka kwa mpigaji.

Watu wengi huishia hapo. Mimi huangalia kinachofuata. Mays anasimama kwa mguu mmoja, anazungusha mwili mzima, anautupa mpira kurudi ndani kwa nguvu kiasi cha kuanguka chini, kofia imekwishatoka. Mtu aliyekuwa kituo cha pili aliweza kusogea mpaka cha tatu tu, na aliyekuwa cha kwanza hakuthubutu kuondoka. Bila ule urushaji, kule kudaka kungebaki picha nzuri ya mchezo waliofungwa. Cleveland hawakupata pointi. Katika awamu ya kumi Mays akapewa kituo cha kwanza bure, akaiba cha pili, yaani akakifikia kwa mbio bila mpira kupigwa, kisha Dusty Rhodes akatoka benchi na kupiga mpira wa kama mita 80 upande wa kulia, ambako ukuta ulikuwa karibu mno, ikawa homurani ya ushindi, 5–2. Pigo la mita 130 lilikuwa kazi bure. La mita 80 likashinda mchezo. Giants wakachukua ubingwa kwa michezo minne mfululizo.

Na yule mtu wa kituo cha pili? Alikuwa Larry Doby, naye mlinzi wa kati. Mwaka huo aliongoza ligi yake kwa homurani 32 na pointi 126. Mwaka 1947, wiki kumi na moja tu baada ya Jackie Robinson wa Brooklyn kuvunja ukuta wa ubaguzi wa Ligi Kuu, Doby alikuwa Mweusi wa kwanza katika Ligi ya Marekani, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, akapitia kebehi zilezile, hoteli zilezile zilizomfungia mlango, bila umati wa Brooklyn wa kumpigia makofi. Robinson aliingia Ukumbi wa Mashujaa wa Cooperstown mwaka 1962. Doby alisubiri mpaka 1998. Kwenye mkanda maarufu kuliko yote wa besiboli, huyu ni mtu anayerudi kituoni ili aanze kukimbia upya, na watazamaji wengi hata hawajui jina lake.

Hesabu za Mays hazihitaji mkanda. Homurani 660, kuiba vituo zaidi ya mara 330, Glavu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi bora, mara 12 ingawa tuzo hiyo ilianza 1957 akiwa amekwishacheza misimu kadhaa. Alikosa sehemu kubwa ya 1952 na msimu wote wa 1953 akiwa jeshini, na kuanzia 1960 alicheza Candlestick Park kule San Francisco, ambako upepo wa ghuba uliirudisha mipira ndani. Mwaka 1965, akiwa na miaka 34, alipiga homurani 52. Siku za mwisho akiwa na Mets, mwaka 1973, aliteleza na kuanguka akifukuza mpira kwenye fainali, na wapo wanaomtaja kwa hilo kila wanapozungumzia wanaochelewa kustaafu. Alikuwa na miaka 42. Sioni aibu yoyote pale.

Lakini Mays mwenyewe alianzia mahali ambapo kamera hazikufika. Mwaka 1948, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alichezea Birmingham Black Barons katika Ligi za Weusi, zile walizocheza Weusi waliofungiwa mlango wa Ligi Kuu. Mwaka 2024 Ligi Kuu ilipoziingiza rasmi takwimu za ligi hizo, hiti zake 10 za Birmingham zikaongezwa kwenye hesabu yake. Alifariki Juni 18 mwaka huohuo, siku mbili kabla ya mchezo wa heshima kuchezwa Rickwood Field, uwanja wake wa ujana.

Takwimu zilezile zilimrudisha Oscar Charleston. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na kwa miaka mingi hicho ndicho kilichomkuta. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1896, akaingia jeshini akiwa mvulana wa miaka 15 na kupelekwa Ufilipino, akarudi kucheza besiboli kwa karibu miaka thelathini upande ule wa ukuta wa ubaguzi. Alisimama karibu mno na wachezaji wa ndani, akijiamini kwamba mpira wowote utakaompita juu ataukimbilia na kuupata. Alipiga kwa nguvu, aliiba vituo, hakuogopa mtu. Wastani wake kwenye vitabu vya sasa ni 0.363, wa tatu katika historia nzima, nyuma ya Josh Gibson, naye wa Ligi za Weusi, na Ty Cobb. Mzee Buck O'Neil, aliyecheza na kufundisha Kansas City Monarchs na aliyewaona wote wawili, alishikilia mpaka mwisho kwamba Charleston alimzidi Mays.

Kuna watakaosema misimu ya Ligi za Weusi ilikuwa mifupi na michezo mingine haikuandikwa. Ni kweli. Lakini Cobb naye, na Tris Speaker, na Babe Ruth, nyota Weupe wa Ligi Kuu ya enzi hizo, hawakuwahi kukutana na mrushaji Mweusi hata mmoja katika mchezo wa ligi. Kama tunapunguza kwa Charleston, tupunguze na kwao. Ted Williams alilielewa hili. Siku anaingizwa Cooperstown mwaka 1966, alitumia sehemu ya hotuba yake kusema anatumaini mrushaji Satchel Paige na Josh Gibson wataingia siku moja, kwa niaba ya Weusi wote ambao hawakupewa nafasi. Paige akaingia 1971. Charleston akaingia 1976, zaidi ya miaka ishirini tangu afariki.

Timu ya mwisho Charleston kuifundisha ilikuwa Indianapolis Clowns, mwaka 1954. Miaka miwili kabla yake, timu hiyo ilikuwa na kijana mwembamba kutoka Mobile, Alabama, aliyekuwa anashika gongo mikono ikiwa imepishana kinyume. Giants walimtaka, Braves wakaweka fedha kidogo zaidi kwa mwezi, akaenda Braves. Ndivyo tulivyokosa kumwona Hank Aaron akilinda upande mmoja na Mays.

Tunaambiwa chema chajiuza. Aaron ananifanya nisite. Hakuwahi kufikisha homurani 50 katika msimu mmoja, kofia haikumdondoka, hakucheza New York bali Milwaukee na Atlanta. Alifanya tu kazi yake, homurani 20 au zaidi kwa misimu 20 mfululizo. Ondoa homurani zake zote 755, bado anabaki na hiti 3,016, idadi ambayo mchezaji mwingine angeipata angehakikishiwa Cooperstown. Ukihesabu vituo vyote alivyovifikia kwa mapigo yake ni 6,856. Anayemfuata, Albert Pujols, yuko nyuma kwa zaidi ya 600. Alipoikaribia rekodi ya Ruth ya homurani 714 alipokea barua za matusi na vitisho vya kuuawa kwa mafungu. Usiku wa Aprili 8, 1974 alipoivunja Atlanta, kamishna wa besiboli hakuwepo uwanjani. Mchezaji bora wa mwaka alichaguliwa mara moja tu, 1957.

Wengine nawataja kwa kifupi. Duke Snider wa Brooklyn alipiga homurani 40 au zaidi misimu mitano mfululizo, bahati mbaya mji huohuo wa New York ulikuwa pia na Mays na Mantle. Roberto Clemente wa Puerto Rico alikuwa na mkono wa kulia ambao wakimbiaji waliuogopa. Waandishi walimwita "Bob" bila ridhaa yake na kuyanakili makosa ya Kiingereza chake, wakaja kumtukuza alipofariki Desemba 31, 1972 kwenye ndege iliyobeba misaada kwa waathirika wa tetemeko la Nicaragua, akiwa na hiti 3,000 kamili. Barry Bonds, ambaye Mays alikuwa baba yake wa ubatizo, ana homurani 762 na kivuli cha dawa za kuongeza nguvu, na huo ni ubishi wa siku nyingine.

Orodha yangu ni hii. Mays kwanza. Charleston wa pili, na sitagombana na anayemweka wa kwanza. Aaron wa tatu, Williams wa nne kwa sababu ya ulinzi tu, Mantle wa tano. DiMaggio namweka wa sita, na najua wapenzi wa Yankees watanishukia. Mwaka 1979 Mays alipopigiwa kura ya kuingia Cooperstown, wapiga kura walikuwa waandishi 432, na 409 waliandika jina lake. Waandishi 23 walikuwa na karatasi mkononi, wamemtazama kwa zaidi ya miaka ishirini, na hawakumwandika. Miaka mitatu baadaye 9 wakamruka Aaron. Ningependa sana kumsikia hata mmoja wao akieleza alitaka kuona nini zaidi.